Kabati la Vioo la Walter

Mwaka wa 1998 maktaba kadhaa ziliunganisha orodha zao kwa kompyuta, yetu ya Migori na ile ya Walter huko Homa Bay zikiwemo. Orodha hiyo niliitunza mimi. Msomaji akikosa kitabu kwangu, namtafutia kwa Walter, naye anakituma kwa matatu. Hayo ndiyo tuliyokubaliana.

Walter alifurahi kama bwana harusi. "Sasa hata Nairobi wanatuona," aliniambia kwa simu. Vitabu vyake vilikaa ndani ya kabati la vioo, na alivipangusa mwenyewe.

Wa kwanza kuomba alikuwa mwalimu Levi wa Kegonga, aliyetaka kitabu cha ufugaji wa nyuki. Walter akajibu kwamba kikitoka, kabati litabaki na pengo, afadhali mwalimu aje mwenyewe. Mwalimu akaenda. Walter alimnunulia soda, akamwonyesha kitabu kupitia kioo, akamshukuru kwa kutembea.

Levi aliponisimulia, sikubishana na mtu. Nilifungua kompyuta nikaandika kando ya kila kitabu cha Walter: "Cha kutazamwa tu."

Simu ililia kabla sijamaliza chai.

"Sheila, nyaminwa, dada yangu, umeniaibisha. Hata Nairobi wanasoma hayo."

"Omera, ndugu yangu, si ulitaka kuonekana?"

Akakata simu. Kesho yake kitabu cha nyuki kilishuka stendi ya Migori, kimefungwa nailoni juu ya nailoni, na juu yake karatasi: "Mwambie Levi asikifungue sana."