Limeshapanda

Harufu ya klachi inayoungua ilinifikia nyuma ya lori, chini ya turubai, nilikokaa nimeipa kabini mgongo. Ndani ya kabini alikuwamo baba mkwe wangu, hoi, tunamkimbiza hospitali Tukuyu. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa kikohozi na sauti tu.

Lori lile mume wangu Asajile alilinunua enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akataka kuwa tajiri. Lakini tope la kijijini kwetu Suma lilikuwa likilimeza, ndizi zinatuozea. Basi akalivisha tairi kubwa. Nikiwa nyuma ya migomba nilimsikia baba mkwe akicheka, "Sasa limesimama kama dume la ng'ombe!" Nami nikacheka huko huko nilikojificha.

Fundi Ezron wa Msasani, ile ya Tukuyu, hakucheka.

"Asajile, tairi likikua, kila gia inakuwa nzito. Tambarare utakimbia, mlimani litakosa nguvu. Itaanza klachi, itafuata giaboksi. Badilisha na difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, uweke ya kuvuta mlima."

"Nitaitafuta Mbeya. Ngoja kwanza mvua ziishe."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ile yetu iliumiza kweli.

Asubuhi ile ya kumkimbiza mzee, tairi zilituvusha tope lote. Mlima ndio uliotushinda. Katikati ya mwinuko Asajile alirudi gia ya kwanza, lori likatetemeka, kitu kikakatika ndani ya giaboksi kama mfupa. Injini ikaunguruma bure. Shemeji yangu Nsajigwa, aliyekuwa amempakata mzee, aliruka akaweka jiwe nyuma ya tairi, kisha akakimbia kutafuta gari lingine. Asajile akaja nyuma.

"Mama Gloria, shuka ukamshike Tata."

"Mimi? Ni mwiko, Baba Gloria."

"Najua. Shuka."

Yeye akaingia uvunguni na spana zake, kana kwamba meno ya gia huota upya. Nikapanda kabini nimejifunika kanga uso mzima, nikampakata mzee. Alikuwa mwepesi, nikaona uchungu. Akaivuta kanga taratibu, akanitazama, nami nikamtazama. Macho yalikuwa ya Asajile.

"Limeshapanda?" akauliza.

Neno langu la kwanza kwa baba mkwe wangu lilikuwa la uongo.

"Limeshapanda, Tata."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. Akashusha pumzi, na hakuipandisha tena. Chini yetu nilisikia spana ikigonga chuma.

Baada ya msiba difu ilipatikana Mbeya. Ezron akaifunga, pamoja na giaboksi nyingine. Siku ya kulijaribu tulipanda mlima ule ule na shehena ya ndizi, safari hii mimi nikiwa kabini. Lori halikuguna hata kidogo. Tulipofika juu Asajile alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Alilia sana, nami sikumzuia.

"Nilikuwa uvunguni," akasema mwishowe. "Wewe ndiye uliyemwona. Uso wake ulikuwaje?"

"Ulitulia," nikamwambia. "Alijua tumeshafika hapa."