Mitende ya Kati

Anouar alinichosha tangu siku ya kwanza. Kijana ana akili, sikatai. Takwimu anazijua kuliko sote katika kituo hiki cha utafiti wa mitende, hapa Tozeur. Lakini ukimwambia neno, anakusikiliza huku anaichekea kompyuta yake.

Tulikuwa tunapanga jaribio la maji. Kamati ya maji ilitaka kupunguza zamu za wakulima za kunywesha, na jaribio letu ndilo lingeamua kila mtu apate kiasi gani. Mimi ndiye bibi shamba wa kituo. Nikasema tuigawe mitende yetu mafungu matatu: maji kiduchu, ya wastani, na tele.

"Ya wastani ya nini, dada Naziha?" Anouar akasema. "Ukitaka kujua kamba imelala vipi, shika ncha zake mbili. Mtende utakaouweka katikati umeupoteza bure. Hesabu ndiyo inasema hivyo, si mimi."

"Na kamba ikiwa imepinda?"

"Haijapinda."

"Umeiona wapi?"

Akacheka. Mkuu wa kituo akamuunga mkono, maana mpango wake ulikuwa rahisi. Basi nusu ya mitende ikanyimwa, nusu ikafurikishwa.

Siku ya kuvuna, mitende yenye kiu ilikuwa imezaa kidogo kwa sababu ya kiu, na iliyofurika ilikuwa imezaa kidogo kwa sababu mizizi ilikosa pumzi. Uzito wa tende ulikuwa mmoja. Mwenye macho alijua kulikoni. Hesabu ya Anouar ikasema maji hayaleti tofauti, naye akaipeleka hivyohivyo mbele ya kamati. Nilitamani kumtwanga.

Mwenyekiti wa kamati alifurahi kupita kiasi. "Kama hayaleti tofauti, basi kila mtu apewe kiduchu."

Ami Lakhdar, mkulima ambaye hana riziki nyingine zaidi ya mitende yake, akaweka chini glasi ya chai. "Mwanangu," akamwambia Anouar, "mimi nanywesha wastani. Wewe unasema nikipunguziwa nitavuna vilevile?"

Anouar akautazama mchoro wake: nukta zimerundikana huku, nyingine kule, katikati hamna kitu. Wanasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mbona hapa asiyefaidi alikuwa Ami Lakhdar?

"Sijui, ami," akasema mwishowe. "Katikati sikuweka hata mtende mmoja."

"Maji yote yale mmeyamaliza, halafu hamjui?" mwenyekiti akafoka.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kamati ikakubali msimu mmoja zaidi. Zamu zisiguswe mpaka hapo. Ila mitende ya kituo ilikuwa hoi, kwa hiyo mkulima mmoja ajitolee shamba lake. Ami Lakhdar akanyoosha mkono kabla ya wote.

"Chukueni langu. Lote liwe fungu la kati, kama ninavyonywesha siku zote."

Anouar akanitazama mimi. Sasa ndiyo ameona nina mdomo! Ikabidi niseme: katikati pekee nako hakutoshi, bila ncha hakuna cha kulinganisha nacho. Baadhi ya safu zake zitanyimwa, baadhi zitafurikishwa, na kura ndiyo itakayochagua, si yeye wala sisi.

"Hata ile safu ya mbele ya nyumba? Aliyoipanda baba?"

"Kura ikiiangukia, ami."

"Yaani niitese mitende yangu kwa kiu, ili nimthibitishie mwenyekiti kwamba mitende huumia kwa kiu?"

"Ndiyo, ami."

"Nyinyi wasomi mna laana gani?" Akamgeukia Anouar. "Leta hizo karatasi za kura. Navuta mwenyewe."

Kamati ilipoondoka, akavuta moja baada ya nyingine, nami nikiandika. Safu ya mbele ya nyumba ikaangukia kiduchu. Anouar akanong'ona kwamba tunaweza kurudia, hakuna atakayejua.

"Mwenyekiti atajua," Ami Lakhdar akasema. "Kisha atasema tumechagua, na maji yangu yatakwenda. Andika, binti yangu."

Nikaandika, kwa hasira, machozi yakinilengalenga.