Jin na Ndimu kwa Mgeni Mmoja

Kwa miaka ishirini na miwili mpishi alikuwa akilisha bweni la wanafunzi mia nne, na katika muda wote huo hakuna aliyemwomba chakula cha mtu mmoja. Chumvi aliimimina kwa kopo, mafuta kwa dumu. Jumamosi hii alitakiwa kutengeneza kinywaji cha glasi moja tu.

Fundi saa angefika saa kumi alasiri. Alikuwa mgane, mtu wa maneno machache, na mwaka ule alikuwa amemtengenezea mpishi saa yake ya ukutani mara tatu. Saa yenyewe ilikuwa nzima mara zote tatu. Mpishi alijua, na fundi alijua. Mara ya mwisho fundi alimwambia, macho yakiwa kwenye skrubu zake, kwamba alitamani sana pombe ya jin yenye ndimu na mapovu, kama aliyokunywa ujanani. Na kwamba angependa kuja kwake waongee, wakiwa wawili. Mpishi alimtaka mwanamume yule. Tusizungushe maneno.

Binti yake, mhudumu wa hoteli, alimwelekeza kwa simu. "Jin vijiko vitatu, ndimu moja, shira kijiko kimoja, barafu, halafu maji ya gesi juu. Na usirekebishe, mama!"

"Mimi nimeingia jikoni wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akaonja. Uchachu ulimkunja uso, akaongeza shira. Ikawa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, akakamua ndimu nne na machungwa mawili. Sasa jin haikusikika kabisa, akaongeza jin, ikasikika mpaka masikioni. Akaipoza kwa maji ya gesi. Glasi ilipojaa akahamia kwenye jagi, jagi lilipojaa akahamia kwenye beseni, kisha kwenye ndoo, na mahitaji hayakumwangusha, maana kwa mazoea alikuwa amenunua chupa sita za jin na katoni mbili za maji ya gesi. Saa kumi kasorobo alikuwa anakoroga ndoo nzima kwa mwiko, mashavu yakiwa ya moto kwa kuonjaonja. Ladha ilikuwa imekaa sawasawa.

Hodi ikapigwa. Fundi aliingia na koti lililopigwa pasi, akaitazama ndoo.

"Unategemea wageni wangapi?"

Aibu ikamshika mpishi. "Majirani," akaropoka. "Nimewaambia wapitie."

Uso wa fundi ukamshuka. Hakukaa. "Basi nisikuharibie shughuli, mpishi. Nitakuja siku nyingine."

Akashika kitasa. Mpishi alimjua: mtu aliyetumia mwaka mzima kuomba siku hii angetumia miwili kuomba nyingine, na wote wawili hawakuwa na umri wa kuchezea.

"Fundi! Hakuna jirani anayekuja. Nimekudanganya. Ndoo hii ni yako."

"Yote?"

"Yote. Sijui kumtengenezea mtu mmoja. Sijawahi." Machozi yakamlenga, na akachukia kwamba yamemkuta ameshika mwiko.

Fundi akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Akachukua upawa, akachota glasi mbili polepole bila kumwaga tone, moja akampa mwenyeji wake. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Mmoja usijisumbue kujifunza," akasema. "Anza na wawili."

Mpishi akamkodolea macho.

"Ndilo nililokuja kusema," fundi akaongeza, akitazama viatu vyake. "Nimelifanyia mazoezi mwezi mzima. Lilikuwa refu kuliko hivyo."

"Liseme lote," mpishi akamwambia, akavuta kiti, akakaa.