Supu Mbili za Mama

Daktari alisema maneno matatu tu kuhusu chakula: "Mama ale vizuri." Kisha akaita mgonjwa mwingine, na Fundi akabaki mlangoni amemshika mama yake mkono, akiyageuza maneno yale kichwani kama mtu aliyepewa kitambaa bila kuambiwa kinashonwa nini.

Watu walimwita Fundi hata nyumbani. Alishona mapazia, na kazi hiyo ilikuwa imemwingiza katika nyumba nyingi za wenye nafasi. Akiwa juu ya ngazi anapima dirisha, aliona friji zao zikifunguliwa: maziwa kwenye chupa za vioo, kuku aliyefungwa kama zawadi, mboga zilizopangwa kwa rangi. Aliwaona na wazazi wao pia, vikongwe wenye mashavu mekundu wanaotembea bustanini bila fimbo. Kwa hiyo daktari aliposema vizuri, Fundi hakuhitaji kuuliza vizuri ni wapi. Alijua. Ni kwenye ile supamaketi ya vioo iliyo juu ya mteremko, ambako mtu anakaribishwa na baridi kabla hajakaribishwa na mlinzi.

Mama alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi. Wanafunzi walimwogopa kuliko mwalimu mkuu, lakini hakuna aliyebakiza chakula chake. Kabla ya kuepua sufuria alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akafumba jicho moja, na jicho hilo lisipofumbuka haraka wasaidizi wake walijua kuna mtu atasemwa. Sasa alikuwa na uvimbe kooni. Walimchoma mionzi wiki kadhaa, uvimbe ukasinyaa, na yeye akasinyaa pamoja nao. Alilala chumba cha nyuma kwa Fundi, kinachopakana ukuta mmoja na karakana, akisikiliza cherehani za mwanawe zikikimbia mchana kutwa.

Siku ya kwanza Fundi alirudi na mifuko miwili ya karatasi. Mkewe alitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mezani. Mayai yenye alama juu ya ganda. Mtindi mzito unaosimamisha kijiko. Kuku. Nyanya sita zinazofanana kama ndugu pacha, zimelala kwenye kitanda cha plastiki.

"Hizi nyanya zimelipiwa chumba?" mkewe akauliza.

"Cheka tu. Hazina dawa. Imeandikwa."

"Mume wangu, tunalipia vioo na baridi."

"Tunalipia usafi. Mama anaumwa."

Basi. Likishatajwa neno Mama, maneno mengine yote yalikaa chini.

Lakini kulikuwa na dada yake. Dada ndiye mkubwa, na alikuwa na meza ya mboga soko kuu tangu Fundi hajajua kutunga uzi. Mboga zake ndizo zilizomsomesha ufundi. Kila jioni akifunga meza alipita kwa mdogo wake na mfuko wa kile alichokiweka pembeni tangu asubuhi kwa ajili ya mama: mchicha wenye umande, karoti zenye udongo, boga alilolipiga kwa ukucha na kulisikiliza. Jioni ile alifungua friji kutafuta pa kuweka, akakuta hakuna nafasi.

Alizitoa zile nyanya, akaibonyeza moja.

"Hii imechumwa mbichi ikaivia kwenye gari," alisema. "Ndiyo maana ngumu. Ukiidondosha inadunda."

"Angalau haijanyunyiziwa sumu kama za kwenu."

Dada akafunga friji polepole. "Kwenu? Kwenu ni wapi, mdogo wangu, na kwetu ni wapi?"

Mkewe akaingia kati haraka, akaupokea mfuko, akasema, "Wifi, kaa kwanza, maji yako jikoni," lakini wifi alikuwa ameshageukia chumba cha mama.

Ikawa hivyo. Mchana Fundi alipeleka sahani yake, jioni dada akapeleka yake. Na mama alikula. Hakula sana, vijiko vichache, akimeza kwa kufinya macho, lakini alikula, na kila mmoja alipata sifa zake.

"Kuku huyu laini, mwanangu," alimwambia Fundi. "Wenye pesa wanajua kula."

Jioni alimwambia dada, "Mchicha huu ndio mchicha. Ule wa dukani kama majani ya kuchora."

Kila mmoja alitoka chumbani kichwa kimevimba. Fundi alirudi kwenye cherehani yake akipiga mluzi. Dada alirudi kwake akiwa amepata hoja ya kesho. Waliporushiana maneno jikoni, kila mmoja alimtaja mama kuwa shahidi wake, na mkewe Fundi, aliyepika sahani zote mbili kwenye jiko moja, kwa mafuta yaleyale, aliwasikiliza huku akiosha vyombo.

Siku moja dada aliamua kwenda kujionea. Alizunguka supamaketi nzima nyuma ya mdogo wake, mikono mgongoni, akasimama mbele ya mboga zinazonyunyiziwa maji na bomba jembamba kila baada ya muda, akatikisa kichwa kama aliyeona mtoto wa watu akioga hadharani. Alipofika kwa kuku alikaa sana. Wakatoka.

"Kuku wao wazuri," alisema njiani. "Siwezi kusema uongo. Na maziwa. Nyanya, hapana. Karoti, wanatuibia mchana kweupe."

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali kuku. Lakini kuku huyo mmoja, mimi nalisha watu wiki."

Fundi alisikia ile nusu ya kwanza tu. Juma lililofuata alinunua kuku wawili. Kazi za mapazia zilikuwa zimepungua, kwa hiyo aliuza mashine yake ya kudarizi. Alimwambia mkewe kwamba darizi zimepitwa na wakati. Mkewe alitazama pale mashine iliposimama, sakafu ikiwa na rangi tofauti, akasema, "Haya."

Ni yeye mkewe aliyeleta wazo la supu. Alilileta kwa utani, siku ya Jumamosi, baada ya wale wawili kukwaruzana tena juu ya boga. Dada alikuwa ameleta boga la sokoni, na Fundi alikuwa na lake, lenye karatasi iliyobandikwa ubavuni kama medali.

"Kwa nini msimfunge mama macho aonje?" alisema. "Mimi nitapika supu mbili, kila boga na yake, sawasawa. Kisha mniache nipumzike masikio."

Walidhani mama atakataa. Mama alicheka, cheko kavu lililogeuka kikohozi, akasema, "Leteni. Sijafanya mtihani siku nyingi."

Wakamketisha kwa mito. Fundi alikata kipande cha kitambaa cha pazia, akamfunga macho taratibu, akihakikisha fundo halimwumizi.

"Mnanifunga kama mwizi wa kuku," mama alisema.

"Kuku wa bei gani?" dada akauliza, na wote wakacheka, hata Fundi. Kilikuwa chumba cha furaha wakati ule. Mlango ulikuwa wazi, mwanga wa adhuhuri umefika hadi miguuni mwa kitanda, na supu inanukia nyumba nzima.

Mkewe Fundi alileta bakuli la kwanza, akamnywesha kijiko. Mama alishikilia supu mdomoni. Akameza. Akaegemeza kichwa upande mmoja, kama mpishi anayepima.

"Hii tamu," alisema. "Laini. Chumvi imekaa mahali pake. Hii ya mwanangu, ya kule juu."

Fundi akajipiga mapaja kwa viganja.

Bakuli la pili likaja. Mama akaonja.

"Na hii ina jua. Hii ya sokoni. Nayo tamu, tena chumvi ileile. Mtapigana bure, wanangu. Ninyi nyote mmeshinda."

"Lakini amezijua!" dada alisema. "Amezijua zote mbili!" Akachukua bakuli la kwanza kwa shauku, aonje hicho kinachoitwa laini, akajaza kijiko, akakitia mdomoni.

Alikimbilia dirishani akatema.

"Wifi! Umetia chumvi mara ngapi?"

Mkewe Fundi alichukua kijiko, akagusa kwa ulimi, uso ukambadilika. Alikumbuka. Alikuwa ametia chumvi kwenye sufuria ile, mteja wa mapazia akagonga mlango, akaenda kumsikiliza, akarudi akatia tena. Supu ilikuwa chumvi tupu. Haikunyweka. Akaonja na ya pili. Kwenye ile hakuwa ametia hata punje.

Kule karakana redio iliendelea kutangaza sabuni.

Fundi ndiye aliyelifungua lile fundo. Macho ya mama yalikuwa makavu na yalimtazama bila aibu, kwa uchovu tu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile mashine ya hospitali. Hata kabla hawajamaliza."

"Kuku? Mchicha?" Sauti ya dada ilikuwa ndogo. "Yote hukusikia ladha?"

"Kitambaa. Yote ni kama kutafuna kitambaa. Siku nyingine kama kulamba ufunguo." Mama akajaribu kutabasamu. "Nilijua tu anayeleta ni nani. Nyayo za huyu nazijua, na zako nazijua. Leo sikuwa na nyayo, nikabahatisha."

"Mama, umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Fundi alisema. Alitaka iwe utani, haikuwa.

"Nifanye nini? Ninyi mnaingia hapa roho juu, mnanitazama mdomo kama watoto wanaosubiri matokeo. Mwenzenu nimelisha watu maisha yangu yote. Najua mtu anavyojisikia sahani ikirudi imejaa." Akafumba macho. "Ondoeni hizo supu. Harufu nayo siisikii, lakini mvuke unanichosha."

Dada alilia jikoni, amesimama, paji la uso kwenye mlango wa friji. Fundi hakulia. Alikwenda kusimama karakana mbele ya pazia la mtu, akalikunja, akalikunjua.

Muuguzi wa zamu aliwaambia ladha huwa inarudi kwa wengine. Wengine inachukua muda. Wengine, alisema, na hakumalizia. Wakangoja. Mama, sasa akiwa hana wa kumficha, aliacha kujilazimisha. Ikija sahani ya mchana aligeukia ukuta, ikija ya jioni vilevile, bila ubaguzi. Zile sifa zilikuwa zimembebea kijiko hadi mdomoni. Zilipoisha, mkono nao ulichoka. Ndipo wakaelewa kwamba siku ile ya utani walikuwa wamevunja kitu ambacho kilikuwa kinamweka hai, na kwamba hakuna pa kwenda kukinunua kingine.

Wakajaribu kumrudisha. Dada alimsihi, "Mama, tudanganye tu kama zamani." Mama akamshika shavu, akasema, "Siwezi tena, mwanangu. Mnajua."

Fundi hakuacha kwenda kule juu. Mkewe alimwambia, dada alimwambia, hata mama mwenyewe alimwambia, "Tafadhali, usiniletee tena vitu vya bei kali, nunua chochote." Aliitikia, na Jumamosi ilipofika alipanda mteremko. Vitu viliharibikia kwenye friji. Mtindi ulivimba vifuniko. Mchicha wa dada uligeuka maji kwenye mfuko wake kando ya mchicha wa supamaketi, na mkewe Fundi alipovitupa vyote kwenye ndoo moja hakuweza tena kusema ni upi ulikuwa upi. Yeye na mumewe walikula wasichoweza kutupa. Kuku alikuwa mzuri kweli. Walimla kimya, kwa haraka, kama wanaokula cha wizi.

Mvua zilipoanza uvimbe ulirudi. Koo likaziba, na hospitali wakamwekea mpira puani unaoshuka hadi tumboni. Chakula chake sasa kilikuwa unga wa kopo, unaokorogwa na maji ya uvuguvugu na kumiminwa bila kupita mdomoni.

Fundi na dada walikwenda pamoja duka la dawa. Mwuzaji aliweka makopo mawili kwenye meza ya kioo. Moja lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa la nje, zito, lenye picha ya mlima na maandishi ya dhahabu, bei yake karibu mara tatu.

"Lipi bora?" Fundi aliuliza.

Mwuzaji alisoma kipande cha karatasi cha daktari. Akakirudisha.

"Kwa mgonjwa wenu? Ni sawa tu, ndugu yangu. Chukua la kawaida."

Fundi alimtazama dada yake. Alitegemea vita. Dada alikuwa anafungua pochi yake.

"Chukua lile la mlima," dada alisema. "Tutachanga."

Nyumbani Fundi aliukoroga unga mwenyewe, akauchuja usiwe na madonge. Dada akaushika mpira na kuuinua, Fundi akamimina. Uji mweupe ulishuka polepole ndani ya mpira, ukapita kwenye pua ya mama, ukapotea. Mama alikuwa macho. Alikuwa anatazama dari.

"Punguza mkono," dada alisema. "Unamimina haraka."