Vipande vya Suti ya Kaka

Kitabu cha kaka yangu nilikisoma chote, na nilipofika mwisho nilitamani kumpiga nacho. Ni kinene, kingeuma vizuri.

Watu walikuwa wanakisifia kweli. Redioni wanakisifia, shuleni wanakisifia, eti kimeuanika umaskini wetu bila haya, kimesema dhuluma tuliyofanyiwa, kimeonyesha utamaduni wetu. Utamaduni upi? Mama wa kitabuni hafungui mdomo bila kutoa methali. Anamenya kitunguu, methali. Anaumwa jino, methali. Asubuhi anaongea na mizimu, jioni anaimba huku anautazama mwezi. Mama yetu sisi ni fundi cherehani. Asubuhi anaongea na cherehani yake, tena kwa matusi, na jioni anasikiliza mpira redioni. Ukimsemesha kabla ya filimbi ya mwisho umejitakia mwenyewe.

Hayo ningeyameza. Njaa nayo ningeimeza, maana njaa tuliijua, na waliotufanya tuijue wanastahili kuandikwa vibaya zaidi ya alivyowaandika. Kilichonikaa kooni ni ile sura ya sare. Mama wa kitabuni naye ni fundi, ana mguu mmoja mfupi kama mama, na mkasi wake umefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini kama wa mama. Mwanawe hana sare ya shule. Basi anapunguza kitambaa cha wateja, kidogo huku, kidogo kule, mpaka anapata cha kumshonea. Halafu analia kurasa mbili nzima.

Yaani anaiba. Mama yangu mimi, ambaye mteja akishonewa nguo hapa kwetu anaondoka na nguo yake pamoja na vipande vyote vilivyobaki, hata viwe vyembamba kama kamba ya kiatu. Mama anavikusanya, anavifunga kwa uzi, anavitia mfukoni mwa nguo. Wateja wapya hucheka, wanauliza wavifanyie nini. "Choma moto ukitaka," mama huwaambia, "ila ni vyako." Vipande visivyoondoka ni vya watu wa nyumbani tu. Nguo yangu au ya kaka ikikatwa, mabaki yanaingia kwenye kapu chini ya meza, na kapu hilo ndilo lililotutolea mito, viraka na midoli yangu yote. Kaka anayajua haya vizuri kuliko mtu yeyote. Alipokuwa mdogo, kufunga vile vifurushi vya wateja ilikuwa kazi yake.

Mama hajui kusoma. Kitabu alikivika mfuko wa plastiki kisiingie vumbi, akakiweka rafuni karibu na redio, na kila mteja akiingia anaonyeshwa. "Kaandika huyu wangu," anasema, na shingo inarefuka. Mimi natazama pembeni.

Ndipo akaja muuguzi mkuu wa zahanati. Huyu miaka yote alikuwa anatuletea jora zima la kitambaa cha sare za wauguzi, analitua mezani na kuondoka bila kugeuka nyuma. Siku hiyo alilitua, akavuta kigoda, akakaa.

"Wewe kata tu, fundi," akasema. "Mimi nitakaa hapa nikutazame."

Mama alicheka akidhani ni utani. Mwenzake hakucheka. Alikitazama kitabu pale rafuni, akasema, "Si unajua tena. Tumesoma."

Mama aliweka mkasi chini. "Chukua jora lako, mama. Mimi sikati nikiwa nachungwa."

Na yule mwanamke akalichukua kweli, akaondoka nalo. Mama alikitoa kitabu kwenye plastiki yake, akanipa. "Nisomee hapo wanapopasoma watu," akasema.

Nilimsomea, nifanyeje. Alisikiliza huku ameikamata meza. Nilipomaliza akasema nirudie pale anapopunguza kitambaa. Nikarudia.

"Anapunguza wapi, kwenye pindo?"

"Kwenye pindo na kwenye mikono."

Alichukua nguo iliyokuwa karibu, akaendelea kushona.

Kaka alikuja keshoye, ananukia vizuri, kujaribu suti yake. Alikuwa anapewa tuzo ya kitabu hicho hicho, na kitambaa alikuwa amemletea mama mwenyewe, kwa sababu hakuna fundi anayemjua mabega kama mama. Alisimama mbele ya kioo, mama akawa anamzunguka na pini mdomoni. Mdomo ukijaa pini mtu hasemi, basi nikasema mimi.

"Kaka, siku ya tuzo watakupa maikrofoni. Sema kwamba mama yako hajawahi kuiba kitambaa cha mtu."

Alicheka kidogo. "Yule si mama, dada. Yule ni mnyonge yeyote. Na mimi nimemtetea. Nimeonyesha kwamba aliiba kwa sababu walimbana mpaka ukutani."

"Nani aliiba?"

"Wa kitabuni."

"Mwenye mguu mfupi na mkasi wa kitambaa chekundu."

"Mwandishi lazima achote mahali," akasema, sasa uso umeanza kukaza. "Nikisimama pale niseme haikuwa hivyo, nimekiua kitabu. Maskini aliyenyooka hamchomi msomaji moyo. Wanafunga kitabu wanaenda kula. Lakini wewe umebaki hapa hapa, fasihi utaijulia wapi?"

Nilihisi mikono inaniwasha. "Nimebaki hapa, ndiyo. Ndiyo maana mimi ndiye niliyemwona muuguzi akimnyang'anya mama jora la sare. Wewe ulikuwa unasifiwa."

Hilo hakuwa amelisikia. Alimtazama mama kwenye kioo, nikadhani sasa roho inamsuta. Kisha akasema, "Watasahau tu. Watu husahau."

Mama alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto chake.

"Baba," akasema. Kaka alirithi jina la babu, na tangu azaliwe mama hajawahi kumwita kingine. "Mimi niliwahi kupunguza kitambaa cha mtu?"

"Hapana, mama. Lakini..."

"Utalisema hilo kwenye hiyo maikrofoni?"

Kaka alirekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Mama, jaribu kunielewa."

"Vua nikamalizie," mama akasema. "Njoo kesho mchana."

Alipotoka nilimwambia mama aikatekate ile suti, kama hawezi anipe mkasi mimi. Akaniambia nitoke kwenye mwanga wake. Akashona kutwa nzima. Bitana aliitia kwa mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana, kama anamshonea bwana harusi. Nilimkasirikia na yeye. Nilijisemea huyu mama akimlea mtoto hamalizi, hata amkanyage kichwani atampangusia viatu.

Kaka alirudi mchana, akaivaa. Suti ilimkaa mpaka nikachukia. Alijigeuza mbele ya kioo, akatabasamu, akamwekea mama mkono begani. Alishaona yameisha.

"Mama, Mungu akuweke," akasema, na kwa raha zake akatia mkono mfukoni.

Akatoa kifurushi. Vipande vya kitambaa cha suti, virefu na vifupi, vimefungwa kwa uzi, na fundo ni lile lile alilofundishwa yeye akiwa mtoto. Alivitazama, kisha akainama kutazama chini ya meza. Kapu lilikuwepo mahali pake.

"Mama, hivi si vya kapuni?"

"Vipo vyote," mama akasema. Alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho. "Lakini vikague, mteja. Ukiona kumepungua kitu useme sasa hivi, nikiwa nipo."

"Mama."

"Karibu tena."

Kaka alibaki amesimama pale na kifurushi mkononi, ndani ya suti yake nzuri. Mama akanigeukia mimi, akaniuliza mpira unaanza saa ngapi.