Kabula Atakula Nini?

Simu ilipokatika, Bi Mgeni alibaki ameishika sikioni kama anayesubiri iseme tena. Alikuwa amekaa kibarazani kwake Gombani, Pemba, sinia la mchele mapajani, na mumewe Msellem yu ndani anatafuta kiberiti.

"Ni nani?" Msellem akauliza.

"Kabula. Yule mtoto wa baba mdogo, wa Tabora. Asema anakuja Krismasi."

"Kuja kufanya nini?"

"Kuja Krismasi. Ndivyo alivyosema. 'Dada, nakuja kwako Krismasi.' Halafu ikakatika."

Msellem alitokeza kichwa mlangoni, sigara haijawashwa mdomoni. Wakatazamana.

Marehemu Nyange, baba yake Bi Mgeni, alitoka Tabora kijana mbichi, akaja Pemba kupalilia mikarafuu ya watu. Akaoa hapa, akazaa hapa, akazikwa hapa. Mapinduzi yalimkuta ana watoto wadogo. Huko alikotoka aliacha mdogo wake, aliye hai hadi leo, ambaye hakuonana naye tena, na mwaka huo tu, baada ya kuulizana kwingi kwa simu za mkononi, ndipo watoto wa ndugu hao wawili walipopatana. Bi Mgeni alikuwa na furaha ya kupata mdogo wa kike uzeeni. Ila hakuwahi kumuuliza Kabula dini yake. Jina lenyewe halikumwambia kitu. Si la Kiislamu, si la Kikristo. Sasa jibu limejileta: mtu anayepanda meli aje ale Krismasi kwa nduguye ni Mkristo, hakuna cha kuuliza.

Na Bi Mgeni si mtu wa kumpokea mgeni wake kwa aibu. Chake Chake nzima ilimjua kwa mkono wake. Harusi ikikaribia, wenye shughuli walimfuata kwa vileja vya unga wa mchele na visheti, na kaimati zake zilisifiwa hata Wete. Lakini hiyo Krismasi inaliwa nini? Hapo alikwama.

Wifi yake Mwatum, dada yake Msellem, aliposikia habari alivua kanga ya kichwani akaifunga upya, ishara kwamba ana la kusema.

"Waniuliza mie? Weye ndo mbara. Chakula cha kwenu wakijua mwenyewe."

"Wifi, mie bara sijakanyaga hata Tanga."

"Damu haipotei njia," akasema Mwatum, nusu utani, nusu kweli. "Kaa ufikiri, kitakujia."

Bi Mgeni alikaa akafikiri. Hakikumjia kitu. Baba yake alikula muhogo na samaki kama watu wote, akalalamika chumvi kama watu wote.

Akaenda sokoni kwa Ahmada. Duka lake lilikuwa la vitu vya kawaida, mchele, unga, sabuni, lakini rafu ya juu aliweka mabaki ya mizigo ya mahoteli: makopo na maboksi ya kigeni yaliyopigwa vumbi. Ahmada alifurahi kuulizwa. Akapanda kigoda, akashusha kopo kubwa jekundu lenye picha ya nyumba iliyofunikwa na kitu cheupe, na mzee wa ndevu anacheka.

"Hii ndiyo yenyewe, Bi Mgeni. Keki ya Krismasi. Wazungu hawali nyengine."

"Mgeni wangu si Mzungu. Mnyamwezi."

Ahmada akafikiri kidogo. "Lakini Mkristo?"

"Mkristo."

"Basi ni hiyo hiyo."

Akamshushia pia boksi la chokoleti zilizokwishageuka rangi kwa joto, na chupa ya matunda madogo mekundu yanayoelea ndani ya maji mazito. Bi Mgeni aliigeuza chupa akaitazama chini, juu, pembeni. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua, na Ahmada naye alikiri haijui. Ni zabibu? Ni kunazi? Zinaliwa na wali au peke yake? Ahmada alisema inategemea. Bi Mgeni hakuuliza inategemea nini. Akairudisha chupa, akachukua kopo jekundu, kwa sababu yule mzee aliyechorwa alionekana ana hakika na anachokifanya.

Nyumbani akalifungua, maana hakuwa mtu wa kumpa mgeni kitu asichokionja. Keki ilikuwa nyeusi, nzito, imejaa vipande vya matunda. Akaisogeza puani. Akaisogeza tena.

"Njoo unuse," akamwita Mwatum.

Mwatum akanusa, akarudi nyuma. "Hii keki au dawa ya kidonda?"

Hapo ndipo Bi Mgeni alipofunika kopo, akajitanda buibui lake, akaenda nalo kwa Mama Eliza. Mama Eliza alikuwa mke wa askari polisi, Mchaga wa Moshi, na walijuana kwa sababu ya kaimati. Alizinunua kila Ijumaa.

Mama Eliza alinusa mara moja tu akacheka hadi akashika ukuta. "Bi Mgeni! Hii imelowekwa kwenye pombe. Umeitoa wapi wewe?"

"Basi ichukue. Usimwambie mtu imetoka kwangu." Bi Mgeni alijifuta mikono kwa kanga. "Ila nieleze, mwanangu. Krismasi nyie mnakula nini?"

"Ndizi na nyama," akajibu Mama Eliza bila kufikiri. "Mtori wa ndizi asubuhi. Na vingine siwezi kukutajia wewe."

Jirani yake aliyekuwa anaanika nguo, mke wa askari mwengine, akadakia kwamba ndizi na nyama si Krismasi, ni chakula cha siku zote. Kwao Mbeya Krismasi ni wali na kuku. Mama Eliza akasema wali ni wa misiba. Yule wa Mbeya akaweka beseni chini. Wakaulizana nani amezaliwa katika ukristo wa miaka mingapi, Bi Mgeni katikati yao akigeuza shingo huku na huku.

"Pilau je?" akajaribu.

"Pilau ndiyo, hata sisi tunapika," wakasema wote wawili.

"Pilau ni ya Idi!"

"Na ya Krismasi."

Bi Mgeni akachoka. "Sasa kuna chakula gani ambacho ni cha Krismasi, mtu akikila ajue leo Krismasi?"

Wanawake wale wawili wakatazamana. "Soda," akasema yule wa Mbeya.

"Mgeni wako wa wapi hasa?" Mama Eliza akauliza. "Kila mtu Krismasi anakula cha kwao."

"Tabora."

"Haya. Watu wa Tabora wanakula nini?"

"Ndo nilokuja kukuuliza mie," akasema Bi Mgeni, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka.

Alirudi nyumbani polepole kuliko alivyokwenda. Kilichomkera si keki tena. Watu wote aliowauliza walijibu kwa haraka, cha kwetu ni hiki, cha kwetu ni kile, hata wakagombana. Yeye, mtoto wa Nyange, akiulizwa cha kwao anataja vileja. Na vileja ni vya mama yake, Mpemba wa Micheweni. Baba yake naye cha kwao kilikuwa nini? Mbona hakumuuliza? Au alimuuliza, akasahau?

"Pika kila kitu," Msellem akamshauri jioni ile. "Kimojawapo kitakuwa ndicho."

Akapika kila kitu. Pilau ya kuku. Ndizi na nyama, ambazo zilivurugika zikawa uji, kwa sababu Mama Eliza alimweleza mbio mbio. Halua akaiagiza Wete. Vileja vikaokwa kwa moto wa juu na chini, visheti vikavishwa sukari, kaimati zikalala ndani ya shira ya iliki. Na kwa kuwa mgeni wa Pemba hawezi kuondoka bila kula cha Pemba, akapika pweza wa nazi, akampiga mwenyewe mpaka mkono ukamuuma, akamchemsha hadi akawa laini kama ini.

Msellem alikwenda Mkoani kumpokea Kabula bandarini, akarudi naye usiku unaingia, amechoka na bahari imemgeuza tumbo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, amevaa gauni refu na kilemba. Walikumbatiana na Bi Mgeni, wakalia kidogo, wakatazamana nyuso kutafuta kitu, kisha Kabula akanywa maji akalala.

Asubuhi ya Krismasi mkeka ulitandikwa ukumbini, vyakula vikapangwa hadi pa kuweka goti pakakosekana. Mwatum alivaa kanga mpya. Mama Eliza naye akapita akitokea kanisani, akakaribishwa, akakaa. Kabula alitoka chumbani, akasimama akitazama.

"Dada," akasema, "hivi vyote ni vya nani?"

"Vyako. Leo si siku yenu? Kaa ule."

Kabula akakaa. Akainamisha kichwa, akaomba kimya, na Bi Mgeni akafurahi: angalau hilo halikukosewa. Akammiminia chai ya maziwa, akamsogezea bakuli la pweza.

Kabula hakunywa chai. Wala hakugusa pweza. Alichukua pilau kidogo, akachukua kuku.

"Hupendi pweza?" Bi Mgeni akauliza.

"Hapana, dada, harufu tu inanitamanisha. Ila kwetu pweza haliwi. Samaki wetu lazima awe na magamba. Na chai hatunywi." Akaona uso wa dada yake, akaweka mkono gotini mwake. "Nisamehe. Ningekuambia mapema. Mimi ni Msabato."

"Kwani weye si Mkristo?"

"Mkristo. Msabato."

Bi Mgeni akamgeukia Mama Eliza, naye akatikisa kichwa kuthibitisha kwamba watu hao wapo. Mwatum akasogea mbele. Mambo haya yalimpendeza.

"Nguruwe?" akauliza.

"Hatuli."

"Pombe?"

"Kamwe."

"Sigara?"

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa."

Msellem, aliyekuwa mlangoni, akaitupa yake uani. Mwatum akapiga makofi. "Huyu Muislamu kumshinda kaka yangu!"

"Na Krismasi?" Bi Mgeni akauliza. Aliuliza taratibu, kama anayeshuka ngazi gizani. "Krismasi mnakula nini?"

Kabula akasita. "Wengine wetu wanaisherehekea. Kwetu mama hakuitilia uzito. Ni siku kama siku."

"Lakini ulinambia unakuja Krismasi!"

"Nilisema nakuja Krismasi kwa sababu ndiyo likizo, dada. Mimi mwalimu. Shule zimefungwa."

Kisha Mama Eliza akaanza kutikisika mabega, kicheko kikamtoka puani, Mwatum akafuata, na Msellem kule mlangoni. Bi Mgeni hakujua acheke au anune. Alitazama ule mkeka, ndizi zilizovurugika, pweza aliyepoa, na hakuona hata sahani moja ambayo angeweza kusema imepikwa kwa ajili ya nani.

Kabula alinyanyuka akaingia chumbani, akarudi na kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa kamba.

"Baba kakuletea. Matobolwa. Viazi vitamu, vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vikauke. Kasema kaka yake alipenda hivi kuliko nyama. Kasema, 'Mpe mtoto wa kaka, akila atajua kwao.'"

Basi cha kwao kipo. Bi Mgeni alikipokea kifuko kwa mikono miwili. Akatoa kipande, cha rangi ya udongo, kigumu kama kisigino. Wote wakamtazama mdomoni. Akakitia, akakitafuna. Kilikataa kwanza, halafu kikalainika, kikaachia utamu wa mbali. Alifumba macho. Alingoja baba yake aje, au mji asioujua, au machozi tu.

Kilichokuja ni kiazi.

"Vipi?" Kabula akauliza.

"Kitamu."

"Kweli, dada?"

Bi Mgeni akafumbua macho. "Sijui, Kabula. Wallahi sijui."

"Mimi mwenyewe nilikuwa nawatupia mbuzi," Kabula akanong'ona. "Usimwambie baba." Akajivutia sahani ya vileja, akala kimoja, akala cha pili, akauliza unga wake unasagwa mchele gani, na alipofika kwenye kaimati akavua saa ya mkononi isiingie shira.

Walikuwa katika hali hiyo simu ya Kabula ilipolia. Akazungumza kidogo kwa Kinyamwezi, akampa dada yake. "Ni yeye."

Bi Mgeni aliweka simu sikioni. Sauti ya mzee ikaanza moja kwa moja, kwa lugha ya kwao, haraka na kwa furaha, kama anayeendeleza maneno yaliyokatizwa jana. Hakuelewa hata neno. Alifungua mdomo kumwambia hivyo, akashindwa, kwa maana ile sauti ilikuwa na mkwaruzo mwishoni mwa sentensi, na mkwaruzo ule alikuwa ameusikia nyumba nzima utoto wake wote, ukilalamikia chumvi.

Mzee akanyamaza. Alikuwa anangoja jibu.

Kabula akamsogelea, akamtilia maneno sikioni, moja moja. Bi Mgeni akayarudia kwenye simu, moja moja, ulimi ukigonga meno. Kisha mzee akacheka, akakohoa, akasema neno refu ambalo Kabula hakulifasiri, na simu ikakatika.

"Nimemwambia nini?" Bi Mgeni akauliza.

"Aliuliza kama umekula. Umemwambia umekula, umeshiba."

Bi Mgeni alikumbuka kwamba tangu alfajiri hakutia kitu tumboni ila kile kipande kimoja cha kiazi. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia Mwatum asogee kidogo, akajivutia bakuli la pweza.