Mvule Uliobaki Ni Dume

Wakata miti wengi hawajui kwamba miti nayo ina wake na waume. Kaka yangu alijua. Nilimwonyesha mimi mwenyewe.

Mvule si kama mwembe. Dume hutoa maua marefu meupe yanayoning'inia kama mikia, yakishapukutika basi, hana habari tena, kama wanaume fulani ninaowajua. Jike hutoa vitu vifupi, vinene, vya kijani, na hivyo ndivyo vinavyokuwa matunda. Popo huyapenda. Nilikuwa nikiwahi alfajiri kuokota waliyoyaangusha, nayaponda ndani ya ndoo, nasuuza, na chini zinabaki mbegu ndogo kama ufuta. Mbegu hizo haziwekeki. Ukizichelewesha zinakufa, kwa hiyo kila msimu jike lazima awepo.

Kitalu changu kilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, na nilikuza mivule tu. Katika msitu wetu majike yalikuwa yamekwisha, akabaki mmoja bondeni. Huyo akianguka, kitalu kimekufa na mimi sina kazi. Nilimweleza kaka hivyo mbele ya mama, tukiwa mezani.

"Mdogo wangu, nimekusikia," akasema. "Mti wako hauguswi."

Sasa, wakataji wana desturi yao. Kabla ya kukata, hugonga shina kwa mgongo wa panga na kutega sikio. Likilia zito, ni zima. Likilia kama debe, ndani ni tupu, halina mbao. Sheria inataka ubaki mvule mmoja mkubwa wa mbegu, basi wao huacha lile debe, wakalizungushia rangi nyeupe na kuliita Mama. Sheria imeridhika, na mbao haikupotea hata moja.

Nilikuwa najaza udongo kwenye viriba vya miche niliposikia kishindo kutoka bondeni. Mabati ya kiwanda yalitikisika. Nilikimbia na mikono yenye matope.

Jike alikuwa chini. Kisiki kilikuwa cha manjano, na utomvu mweupe ulikuwa ukichuruzika kwenye gamba kama maziwa. Kaka alikaa juu ya gogo na chupa yake ya maji.

"Tulia kwanza," akasema. "Mama tumemwacha. Yule pale, mwenye rangi."

"Yule ni dume!"

Msimamizi wao akaangua kicheko. "Dada, mti hauvai gauni. Tungejuaje?"

Wote wakacheka. Ni kweli, maua yasipokuwepo, mgeni hawezi kuwatofautisha: shina ni lile lile, limenyooka mpaka shingo ikuume kulitazama. Lakini kaka hakuwa mgeni.

"Wewe ulijua," nikamwambia.

Akanivuta pembeni. "Nilijua. Lakini msimamizi anahamishwa, na mimi ndiye ninayetazamwa kushika nafasi yake. Nibishane naye mbele ya watu? Ni mti mmoja tu, mdogo wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia palepale, ndugu yangu wa tumbo moja, na sioni aibu kusema hivyo.

Msimu wa maua ulipofika, yule dume alipendeza kupita kiasi. Mikia myeupe ilitapakaa chini, wageni wa kiwanda wakapiga picha. Tunda halikuonekana. Miche yangu ya mwisho ikaingiwa na wadudu, majani yakavimba manundu, ikanyauka mmoja mmoja. Mama akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nilimuuliza yajayo yatachipua kutoka kwenye mbegu ipi.

Kaka alipata cheo chake. Alasiri moja akaja nyumbani kwangu, nyuma yake vijana wawili wamebeba mlango mpya mabegani.

"Ni wa ule mti," akasema, akitabasamu. "Mbao nimezichagua mwenyewe. Mchwa hawaugusi huu, utakuzika." Kisha akakohoa. "Na pale kwenye kitalu, kiwanda kinataka pa kuanikia mbao. Viriba uviondoe."

"Na miche mtaipata wapi?"

"Tutapanda miti ya kukua haraka. Siku hizi nani ana subira ya mvule?"

Nikamwambia aufunge mlango wake. Vijana wakaondoka. Alifanya kazi kwa bidii, akapima, akapiga randa ukingoni, akakaza bawaba moja baada ya nyingine, huku akiimba kwa pua. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache uani kuutazama.

"Unaonaje, mdogo wangu?"

"Mzuri," nikamjibu, nikaufunga nikiwa ndani na kushusha komeo.

Alidhani natania. Aliomba maji ya kunywa, akaniita kwa jina langu la utotoni, mwishoni akaita kwa hasira. Mvule ni mti mgumu, sauti yake iliingia kidogo sana. Sijamfungulia mpaka leo.